Nyumba imepasuka ukuta: tafuta chanzo kabla ya kukubali bei

Mama mmoja wa Kibaha aliniita mwezi wa Agosti akiwa na karatasi tatu mkononi. Kona ya nyuma ya nyumba yake ilikuwa imepasuka kuanzia pembe ya dirisha, ufa wa ngazingazi unaofuata viungo vya tofali, na kule juu penseli ilipita. Fundi wa kwanza aliandika bei ya kuziba na kupiga rangi. Wa pili alitaka kusimamisha nguzo mbili za zege pale kona. Wa tatu alitaka kuchimba kuzunguka nyumba nzima na kuweka msingi mpya chini ya ule wa zamani, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya yule wa kwanza. Mama akaniuliza, "Mwanangu, nani kati yao ananiibia?"

Nilimwambia sidhani kama kuna anayemwibia. Ila kati ya wote watatu hakuna aliyechimba hata shimo moja kutazama udongo. Kila mmoja aliuangalia ufa akakisia dawa, na kila dawa ina bei yake. Ndiyo maana bei za kurekebisha msingi zinatofautiana kiasi cha kumtisha mtu: gharama haitokani na ukubwa wa ufa, inatokana na kilichousababisha. Nyufa mbili zinazofanana zinaweza kumalizwa, moja kwa ndoo ya skimu ya kulainishia ukuta, nyingine kwa wiki tatu za sururu.

Ninayoandika hapa ni kwa nyumba ya kawaida ya chini, yaani isiyo na ghorofa, kuta za tofali za saruji juu ya msingi unaofuata kuta. Kama ni ghorofa na nguzo au boriti imepasuka, usisome zaidi. Ita mhandisi leo, na mtu yeyote asichimbe karibu na nguzo hizo.

Kwanza ujue kama ufa bado unatembea

Hili ni bure kabisa na ndilo linaloamua pesa nyingi kuliko jambo lingine lolote. Chukua penseli, weka alama ndogo pale ufa unapoishia, juu na chini, uandike tarehe ukutani pembeni yake. Kisha pigilia misumari midogo miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yao kwa rula, na uandike. Rudia kila baada ya wiki mbili. Mafundi wa zamani walibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Kioo kikipasuka, ukuta umesogea. Inafanya kazi hadi leo.

Ufa ukiwa palepale baada ya masika moja na kiangazi kimoja, umelala. Nyumba nyingi huzama kidogo miaka ya mwanzo baada ya kujengwa kisha zinatulia. Ufa uliolala ni kazi ya mwashi, si ya kuchimba msingi.

Tunaambiwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa msingi wa nyumba, mimi nasema usizibe kwanza. Ukiuziba kabla ya kuupima umemnyamazisha shahidi pekee uliye naye, na utamlipa fundi mwingine mwakani akuzibie palepale.

Kuhusu upana, wahandisi wengi hufuata viwango vya taasisi ya Uingereza iitwayo Building Research Establishment: chini ya milimita 1 ni wa rangi na lipu, hadi milimita 5 unarekebishika kirahisi, kati ya 5 na 15 milango huanza kugoma na tofali chache huenda zikabadilishwa, ukizidi 15, sehemu ya ukuta hujengwa upya, ukizidi 25, usalama wenyewe uko mashakani. Kadi ya benki ina unene usiofika milimita 1, hivyo ikigoma kuingia, lala usingizi. Penseli ikipita, uko karibu na milimita 7, na hapo tafuta chanzo kwa bidii.

Nyufa nyembamba kama utando, kila upande

Lipu imekauka haraka, au ilichanganywa na saruji nyingi mno, au haikumwagiwa maji. Msingi haumo. Ufa ulionyooka pale tofali zinapokutana na nguzo ya zege nao ni wa kawaida, kwa kuwa vitu hivyo viwili havitanuki sawa kwenye jua. Wavu mwembamba wa chuma chini ya lipu mpya unatosha. Ufa mfupi unaoanzia pembe ya dirisha na kukomea hapo, mara nyingi lenta, ile boriti ya juu ya dirisha, ilikatwa fupi, haikulalia ukuta vya kutosha. Mtu akikupa bei ya msingi kwa nyufa hizi, mshukuru umuage.

Ufa wa ngazingazi karibu na kona, mpana juu, mwembamba chini

Kona inashuka na sehemu nyingine ya nyumba imebaki. Ufa ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakoshuka. Kwa hiyo umbo la ufa linakuonyesha pa kuchimba.

Chanzo cha kwanza kukitafuta ni maji. Paa la mita 12 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku, linamwaga lita 6,000. Bila gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa, nusu yake inatua upande mmoja wa nyumba, matangi matatu ya lita 1,000 kwenye mstari mmoja wa ardhi kando ya msingi. Fanya hivyo kila masika kwa miaka kumi, udongo wa chini utalainika au utasombwa.

Halafu angalia chemba, bomba la maji safi, shimo la maji taka. Kwa yule mama wa Kibaha tulichimba shimo la kina cha mita moja na nusu pale kona. Agosti, ardhi yote ya kiwanja imekauka inapasuka, lakini udongo wa shimo lile ulikuwa tope. Chemba ya jikoni, hatua mbili kutoka ukutani, ilikuwa imepasuka chini, na maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakiingia chini ya msingi kila siku. Tulijenga chemba upya, tukahamisha bomba mbali na ukuta, tukaweka misumari yetu miwili na kusubiri vuli na masika. Ufa haukusogea. Tukaushona: kila mstari wa tatu wa tofali tulichimbua kiungo, tukalaza nondo nyembamba ya urefu wa mita moja, nusu kila upande wa ufa, tukajaza mota, tukapiga lipu. Yote hayo yalikuwa chini ya bei ya zile nguzo mbili za fundi wa pili, ambazo zingesimama juu ya tope lilelile.

Kama hakuna maji, uliza wazee wa mtaa kiwanja kilikuwa na nini. Shimo la choo la zamani lililofukiwa kwa takataka. Kichuguu kilichosawazishwa juujuu huku mapango yake yakiachwa chini. Shimo la mchanga au la tofali za kuchoma. Mitaa yetu mingi iliota juu ya mashamba, na mashamba yalikuwa na mashimo. Hapo tatizo ni la eneo dogo: unachimbua hadi ardhi ngumu na kujaza zege hafifu, tena upande huo tu.

Nyufa zinazofunguka kiangazi na kujifunga masika

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi zaidi, kuanzia Kibaha na Dodoma hadi Syokimau na Athi River kule Kenya.

Ni udongo wa mfinyanzi unaovimba, ule mweusi wa mbuga ambao mafundi wengi huuita bleki koton. Si lazima uwe mweusi. Upo wa kijivu na wa kahawia. Utautambua kiangazi: ardhi inapasuka vipande vipande na mpasuko unameza mkono. Masika unakugandama viatuni hadi uongezeke kimo. Ndani yake kuna madini ya mfinyanzi yanayonyonya maji kati ya matabaka yake, yakavimba, na kuyaachia yakakauka na kusinyaa. Nguvu ya kuvimba kwake inatosha kuinua nyumba ya chini, maana nyumba hiyo ni nyepesi kuliko tunavyodhani.

Udongo wa chini ya katikati ya nyumba haunyeshewi wala haupigwi na jua, basi unyevu wake haubadiliki sana. Wa pembeni unalowa na kukauka kila mwaka. Kingo za nyumba zinapanda na kushuka, katikati imetulia, na ukuta unavunjika kati ya sehemu hizo mbili. Mlango unaogoma Aprili na kuachia Septemba ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya fundi yeyote.

Dawa ya kwanza si zege zito, ni kuuzuia udongo usibadilike. Gata na mabomba ya kushusha maji hadi mbali. Ukanda wa zege kuzunguka nyumba, upana mita 1 hadi 1.5, ukishuka sentimita 5 kwa kila mita kwenda nje, na chini yake nailoni nzito. Bustani ya kumwagilia iondoke ukutani. Shimo la maji taka lihame kama liko karibu. Miti mikubwa ni suala gumu zaidi. Mwarobaini au mkaratusi karibu na ukuta unanyonya maji kiangazi na kuongeza kusinyaa, lakini ukiukata ghafla udongo ule uliokauka kwa miaka utaanza kuvimba, na kona iliyokuwa ikishuka itainuka. Punguza matawi kwanza, na mti mkubwa ulioutangulia ujenzi usiuguse bila ushauri.

Baada ya hapo subiri mwaka mzima. Najua inauma kukaa na ufa sebuleni mwaka mzima, lakini nimeona nyumba nyingi zikitulia kwa gata na ukanda tu, na hizo ni gharama zinazolipika kidogokidogo. Ikiwa harakati inaendelea, ndipo unaingia kwenye kazi kubwa ya kushusha msingi hadi udongo usioguswa na misimu. Kina hicho kijulikane kwa shimo la majaribio na sampuli ya maabara, si kwa kukisia. Pesa ya kipimo ni ndogo mno ukiilinganisha na kuchimba nusu mita pungufu.

Sakafu imezama, kuta ni nzima

Gonga kwa sarafu. Sauti ikiwa ya debe tupu, na kuna mwanya kati ya marumaru na ubao wa chini ya ukuta, kifusi chini ya jamvi, lile zege la sakafu, hakikushindiliwa. Watu huogopa wakidhani msingi umekwisha, kumbe kuta zimesimama juu ya msingi wake na jamvi liko peke yake. Vunja chumba hicho, toa kifusi, rudisha moramu (udongo mgumu wa changarawe) kwa matabaka ya sentimita 15 ukishindilia kila tabaka, kisha zege la sentimita 10. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinakula zege la mita moja ya ujazo hivi, yaani mifuko saba ya saruji. Marumaru huenda zikawa ghali kuliko zege.

Lipu inavimba chini, chumvi nyeupe inatoka

Unyevu unapanda kutoka ardhini kwa kukosa nailoni, au udongo wa nje umejazwa hadi ukapita usawa wa sakafu. Pwani huchangiwa na mchanga wenye chumvi. Nyumba haishuki. Punguza udongo wa nje hadi sentimita 15 chini ya sakafu, ondoa lipu iliyooza, acha ukuta ukauke kabla ya kupiga mpya.

Msingi umeachwa uchi

Kwenye miteremko na kando ya mabonde, kama Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, mvua inasomba udongo mpaka mawe ya msingi yanaonekana. Geuza kwanza njia ya maji, halafu fikiria ukuta wa kuzuia udongo. Bei ya ukuta huo haiendi sawa na kimo chake: ukizidisha kimo mara mbili, msukumo wa udongo unakuwa mara nne na nguvu ya kuuangusha mara nane. Ndiyo maana kuta mbili fupi zilizoachana kwa ngazi mara nyingi ni nafuu kuliko moja ndefu. Na ukuta usio na matundu ya kutolea maji utalala siku ya mvua kubwa.

Ikibidi kuchimba chini ya msingi: bei inatoka wapi

Tuseme kona imeshuka kweli na unahitaji msingi mpya chini ya mita 4 kila upande, jumla mita 8. Msingi wa zamani umekaa sentimita 90 chini ya ardhi. Zege jipya lina upana wa mita 0.6 na kimo cha mita 0.9. Ujazo ni 8 × 0.6 × 0.9, yaani mita 4.32 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo inakula karibu mifuko 6.4 ya kilo 50. Ukiongeza upotevu na mota ya kukazia juu, ni mifuko 33 hivi, mchanga mita 2 na kokoto mita 4 za ujazo. Mfuko ukiwa shilingi 17,000 dukani kwenu, saruji yote ni 561,000. Weka bei ya mtaani kwako, hesabu haibadiliki.

Sasa tazama kazi. Ili mtu aingie chini ya msingi anahitaji mfereji wa upana wa mita 1 na kina cha 1.85. Pamoja na udongo wa chini ya msingi wenyewe, ni zaidi ya mita 19 za ujazo za kuchimba kwa mkono, na udongo ukishachimbuliwa unatanuka hadi 24 au 25. Halafu haichimbwi yote kwa mkupuo. Mita 8 zinagawanywa vipande vinane, na vinachimbwa viwiliviwili visivyopakana: cha 1 na cha 5, kisha 3 na 7, kisha 2 na 6, mwisho 4 na 8. Kila awamu inachimbwa, inamwagwa zege na kuachwa mwanya wa sentimita 5 juu; baada ya siku moja au mbili mwanya unajazwa mota kavu ya 1:3 (saruji, mchanga) inayogongwa hadi ikaze dhidi ya msingi wa zamani. Mota ikishika, ndipo awamu inayofuata. Hesabu wiki tatu.

Kwa hiyo saruji ni sehemu ndogo. Unalipia siku za vibarua, mirunda ya kuegemeza ukuta na mbao za kuzuia kingo za shimo, kwa kuwa shimo la kina hicho bila mbao ni kaburi. Unalipia anayesimamia mpangilio wa vipande. Fundi anayesema atachimba kona yote siku moja ili akupunguzie bei, usimruhusu aanze. Nyumba itakuwa hewani.

Karatasi ya bei ikija, tafuta visivyoandikwa: kusomba udongo, maji ya ujenzi, kurudisha lipu, rangi na marumaru, kodi ya mahali mtakapolala ikiwa vyumba havikaliki, kibali cha halmashauri. Tenga asilimia 15 juu ya jumla, maana chini ya ardhi hakuna anayeona kabla ya kuchimba. Omba bei kwa kila mita ya urefu na kila mita ya kina, ili shimo likihitaji kwenda chini zaidi mjue nyongeza ni kiasi gani badala ya kugombana juu ya mfereji ulio wazi. Na mhandisi awe na namba ya usajili inayohakikiwa, kwa Tanzania katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Muulize kila anayekuja: umeona nini kilichokufanya useme ni msingi? Umechimba wapi? Maji ya paa na ya jikoni yanaishia wapi? Asiyeweza kujibu la tatu hajafika kwenye tatizo lako.

Mkishakubaliana, baki na asilimia 5 au 10 ya malipo hadi masika inayofuata ipite, iandikwe kwenye mkataba kabla sururu haijagusa ardhi. Siku ya kuimalizia, mkasimame pamoja pale ukutani, mpime tena umbali kati ya ile misumari miwili.